Karatasi Niliyomsomea Meneja

Naungama kwenu kwa sababu ofisini siwezi tena kuinua uso. Katika kampuni yetu ya mbegu hapa Majengo, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwapunguzia wenzangu msongo wa mawazo. Niliweka sanduku la maoni yasiyo na majina, nikaahidi kuyasoma mbele ya meneja, mtu mkali kuliko upepo wa Ufipa mwezi wa saba.

Nilipolifungua kikaoni, wenzangu wote wakiwepo, nilikuta karatasi moja tu. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na nikimuudhi meneja ningefungasha virago. Hata hivyo nilijiambia: leo nawatetea wenzangu.

“Kuna mtu anatukosesha amani,” nilisoma, nikimkazia meneja macho. “Hatunywi chai bila yeye kuja kutuchungulia usoni.”

“Endelea, binti,” alisema meneja, kwa upole ulionitisha.

“Tukimwambia tuko salama, haamini. Jana alimfumbisha macho Mzee Kapele wa ghalani, akamvutisha pumzi mpaka akashikwa na kizunguzungu.”

Zoezi hilo la pumzi nilimpa mimi. Nilianza kuikunja karatasi.

“Malizia tu, mwanangu,” alisema Mzee Kapele, akitazama sakafu. “Tuliiandika wote.”