Gemu ya Kondoo Pale Mogitu

Juzi nilikuwa jikoni kwangu, hapa Babati, nachambua mbaazi. Sebuleni mtoto wa kaka yangu na wenzake walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa: gemu gani ni kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa duniani? Kila mmoja alitaja ya kwake, ya vita, ya mpira, ya magari yanayoruka. Mwisho uvumilivu ukanishinda, nikawapigia kelele kutoka kule kule jikoni.

"Hamjui kitu nyie! Gemu kali kuliko zote ni ile ya kondoo."

Yule wangu akauliza kwa adabu, "Shangazi, hao kondoo wanapigana?"

"Hawapigani."

"Wanakimbizana na magari?"

"Wanakwenda zizini."

Basi wakacheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Niliwaacha, watoto wa siku hizi hawana subira. Lakini wewe rafiki yangu najua huna haraka. Sogea nikueleze, maana gemu ile ilidharauliwa tangu siku ya kwanza, na haikustahili.

Nilikua Mogitu, kwa Bibi yangu mzaa mama. Ule ulikuwa wakati mashamba makubwa ya ngano yalikuwa yanapunguza watu, na bidhaa za kila aina zilikuwa zimeanza kumwagika kutoka Arusha: redio za plastiki, viatu vinavyowaka taa, saa zinazolia kama jogoo. Sisi wenyewe tulikuwa tumetoka tu kuambiwa kwamba hatumo tena Mkoa wa Arusha, tumo Manyara. Bibi alipoambiwa aliuliza kama na mlima Hanang nao utahamishwa. Alipojibiwa kwamba hapana, akasema basi hakuna kilichotokea, akaendelea kupepeta mahindi.

Jirani yetu alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia ngano. Walipopunguzwa kazi na kulipwa kiinua mgongo, wenzake walinunua ng'ombe, wengine mabati. Yeye alikwenda Arusha akarudi juu ya lori akiwa amekumbatia televisheni kama mgonjwa, na nyuma yake jenereta ndogo na boksi lenye picha ya watoto wa Kichina wanaocheka. Jirani akasafisha chumba alichokuwa akihifadhia maharage, akaweka mabenchi, akaandika mlangoni kwa chaki: GEMU.

Ungeisikia jenereta ile kutoka shuleni. Ilianza kwa kukohoa, ikaguna, kisha ikatulia kwenye mlio mmoja mrefu, na hapo kila mtoto darasani alianza kuumwa tumbo. Chumba chenyewe kilinuka petroli, vumbi na maharage ya mwaka jana. Kulikuwa na pedi mbili za kuchezea, moja nzima na nyingine ambayo kitufe chake cha kushoto kilibonyezwa kwa njiti ya kibiriti. Kaseti za gemu zilikuwa chache. Ya ngumi ndiyo iliyopendwa, hata wavulana walianza kusalimiana kwa mateke. Ya magari ilifuata, halafu ya mpira, ambayo wachezaji wake hawakuwa na nyuso.

Na ya mwisho, iliyokaa chini kabisa ya boksi, ilikuwa ya kondoo. Maandishi yake hakuna aliyeyajua. Ilikuwa na kijimtu kidogo chenye fimbo, na mbwa, na kundi la kondoo waliotawanyika mlimani. Kazi yako ilikuwa kuwaswaga, uwavushe mto, uwafikishe zizini kabla giza halijaingia. Vichakani kulikuwa na mnyama mwenye mkia mnene. Nadhani watengenezaji walikusudia mbweha au mbwa mwitu, lakini sisi tulikubaliana kwamba ni fisi. Ukishindwa, kiza kilishuka na kondoo mmoja alilia kwa sauti ya kusikitisha sana kwa mashine ya bei ndogo vile.

Wavulana waliicheza mara moja tu. "Nimechunga tangu asubuhi bila malipo," alisema mmoja, "sasa nilipe ili nichunge tena?" Kwa kweli hoja yake ilikuwa nzito.

Ndiyo maana nikaipata mimi. Wasichana hatukupewa nafasi kwenye ngumi. Lakini Jirani alihitaji mtu wa kufagia chumba na kunyunyiza maji vumbi litulie kabla ya wateja, na ujira wangu ulikuwa kucheza ile isiyogombaniwa wakati jenereta ikipata moto. Kwa hiyo kila Jumamosi nilimwambia Bibi nakwenda mazoezi ya kwaya, nikaenda kuchunga kondoo wa Kichina.

Na nakuambia, ile haikuwa gemu ya mchezo. Kondoo wake walikuwa na akili. Ukiwafuata kwa haraka walisambaa. Ukiwakaribia kwa mbele waligeuka. Kulikuwa na mmoja mwenye doa jeusi ambaye kila mara alijificha nyuma ya jiwe, akakaa huko akila majani kana kwamba ana miadi na fisi. Nilijifunza kumpita mbali, kusubiri, kumwacha mbwa alale chini. Ilikuwa gemu ya kungoja. Nani anatengeneza gemu ya kungoja siku hizi?

Matatizo yalianza na ndama. Siku ya mnada, watu wazima wakiwa wameshuka Katesh, wavulana waliopaswa kuchunga waliacha ndama njiani wakaingia kwa Jirani. Ndama wakaingia kwenye shamba la maharage la shule. Hawakubakiza hata jani la kuonyesha mahakamani. Mwalimu alipiga kengele ya hatari, na Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Palisemwa mengi. Mama mmoja alisema mwanawe anapiga ngumi usingizini. Katekista alisema mtoto mwingine amerusha teke kanisani wakati wa sala ya kimya. Ikaamuliwa iundwe kamati ikaone hiyo gemu kwa macho, na ikiwa ni mbaya, ifungwe siku hiyo hiyo na jenereta ipelekwe ofisi ya kijiji.

Kamati ilikuwa ya watu wanne: Mwenyekiti, Mwalimu, Katekista, na kwa niaba ya akina mama, Bibi yangu.

Walikuja Jumamosi. Mimi nilikuwa ndani na ufagio. Wavulana walikuwa katikati ya pambano la ngumi, damu nyekundu ikiruka kwenye televisheni, mmoja alipochungulia nje akasema neno moja tu: "Mwalimu!" Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo la kupitishia hewa ya maharage, na hadi leo sielewi wavulana wote wale walipitaje pale. Nilibaki mimi, na Jirani.

"Toa ya ngumi," aliniambia kwa kunong'ona. "Weka yoyote. Weka ile ya kondoo!"

Nikaichomoa, nikaipuliza vumbi, nikachomeka. Mlango ukafunguka.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu wote, na marahaba ya Bibi ilichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa akitazama ufagio, kisha mimi, kisha ufagio.

"Kwaya ni hapa siku hizi?" akauliza.

Kabla sijajibu, Mwenyekiti akaketi. "Bwana," akamwambia Jirani, "tuonyeshe hiyo kazi yako inavyokwenda. Usifiche kitu."

Jirani akaishika pedi, akaiangalia kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Hakuwahi kucheza ya kondoo hata siku moja. Akanigeukia. "Huyu mtoto ataonyesha."

Fikiria hali yangu. Nikicheza vizuri, Bibi atajua siku zote za kwaya nilikuwa wapi. Nikicheza vibaya, kamati itaona upuuzi, na jenereta itakwenda ofisini. Nikachagua kucheza vibaya kidogo, nijiokoe kwanza. Nikampeleka kijana wangu mbele ya kundi, kondoo wakageuka mbio, wawili wakatumbukia mtoni.

"Mtoto wa nani huyu anayeswaga kwa mbele?" Bibi akafoka.

Kila mtu pale alijua mtoto wa nani.

"Pita nyuma! Nyuma! Unataka watu waseme sikukufundisha?"

Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kununulia chumvi na kusalimia wageni. Akikasirika alihamia Kiiraqw, na hapo akahama moja kwa moja. Alisimama, akaanza kumwamuru yule kijana wa kwenye televisheni kwa fimbo yake: huku, taratibu, acha wanywe, usimtishe mwenye mimba. Mimi nikawa natafsiri kwa vidole. Nilisahau kujificha. Nilicheza kama nilivyokuwa nacheza peke yangu, bora zaidi hata, kwa sababu sasa niliona aibu mbele ya mchungaji wa kweli. Kundi likavuka mto. Mwenyekiti akasema "Aaa!" bila kukusudia.

Halafu yule mwenye doa akajificha nyuma ya jiwe.

"Mwache huyo," akasema Mwenyekiti. "Jua linazama. Okoa walio wengi."

"Hapana!" Katekista akaruka kutoka kwenye benchi. "Waache walio salama, kamfuate huyo mmoja. Imeandikwa."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dari. Katekista ndiye aliyekuwa akinifundisha Komunyo ya Kwanza, nikaona bora nimtii. Nikarudi mlimani kumfuata mmoja. Nilimpata. Nikageuka naye kwa furaha, na pale mtoni fisi alikuwa ametoka kichakani, anakula walio salama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu aliyealikwa.

Giza likashuka. Kondoo akalia.

Mwenyekiti akamgeukia Katekista taratibu. "Haya. Hilo nalo limeandikwa?"

"Mtoto hakumweka mbwa mlinzi," Katekista akasema, masikio yamemwiva. "Tatizo si Neno. Tatizo ni mbwa. Lete hiyo kitu."

Akaichukua pedi. Akashindwa. Akaomba tena, akashindwa vibaya zaidi. Mwenyekiti akasema sera ya kuokoa wengi inafaa, akajaribu, fisi akamla yeye mwenyewe, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana. Mwalimu akaweka fimbo yake chini na kuomba "kuangalia tu vitufe". Waliondoka petroli ilipokwisha, wakibishana mpaka barabarani, na hakuna aliyekumbuka kutoa hukumu. Ilitoka siku iliyofuata: gemu itaendelea, ila si saa za shule, na kaseti ya ngumi itakaa kwa Mwalimu.

Mimi na Bibi tulirudi nyumbani. Upepo wa jioni ulikuwa ukipeperusha vumbi kutoka upande wa mlima, na mimi nilikuwa nikijiandaa kwa fimbo. Tulipita kisimani, tukapita kwa fundi baiskeli. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Yule mbwa," akasema. "Kwa nini unamlaza upande wa jua? Anakuona wewe, hamwoni fisi."

Hayo ndiyo yalikuwa maonyo yangu yote. Kwenye makande ya usiku ule aliniongezea maziwa ya mgando.

Basi watoto tukaipoteza. Kuanzia hapo kila Jumamosi benchi la mbele lilikuwa la wakubwa. Katekista alikuja na nadharia mpya kila wiki, na siku moja mahubiri yake yalikuwa na habari nyingi mno za mbwa, waumini wakashangaa. Wafugaji waliopanda kutoka bondeni kwa ajili ya mnada waliingia na shuka zao na fimbo zao, wakatazama, wakacheka wachungaji wa Mogitu wanavyoliwa. Mzee mmoja wao alikataa kabisa kushika pedi. Alisema hachungi mifugo asiyoweza kuinusa. Bibi hakucheza pia. Aliketi pembeni na kazi yake ya kusuka kikapu, akiwakemea kondoo kwa majina aliyowapa mwenyewe.

Iliisha kama vitu vyote vya bei ndogo vinavyoisha. Siku moja jenereta iliguna vibaya, televisheni ikatoa mwanga mweupe, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Jirani alijaribu kufungua mashine kwa kisu cha mezani. Kaseti nyingine zilipona, ile ya kondoo haikuwaka tena. Alitafuta nyingine Arusha, akaambiwa haijulikani. Baadaye alihamia huku Babati kutafuta kazi za mkoa mpya, na chumba kikarudi kwenye maharage.

Leo ukipita pale utakuta duka la dawa za mifugo, na mwenye duka ni mgeni. Mwenyekiti alishatutoka, na Katekista, na Bibi. Mwaka jana nilikutana kwenye arusi Katesh na mmoja wa wale wavulana wa dirishani. Ana malori sasa, na tumbo la mwenye malori, pale dirishani asingepita. Tulikumbushana mambo mengi, tukacheka sana. Nikamwuliza, "Na ile ya kondoo, unaikumbuka?"

Akafikiri. "Ya kondoo? Hapana. Nakumbuka ya ngumi."

Nilijua hana kosa, alikuwa ameruka dirishani mapema. Lakini nilikasirika, rafiki yangu, nikaacha pilau yangu ikapoa, kana kwamba ameniambia hamkumbuki Bibi.