Maji Ndani ya Rangi

Juzi nilimwona mpwa wangu akizimua rangi ya akriliki ili aipulize juu ya ndege yake ndogo ya plastiki. Harufu ile ikanirudisha barazani kwetu Bukavu, alasiri moja ya manyunyu.

Papa, baba yangu, alikuwa amechonga meli ya ziwani, ndogo kama kiatu changu. Kalamu yake ya kupulizia rangi ilipata upepo kutoka gurudumu kuukuu la gari, lililokoroma taratibu kama paka aliyelala. Akamimina maji katika rangi nyeupe mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Nikaingiwa na hofu, kwani asubuhi ile maman, mama yangu, alikuwa amemfukuza muuza maziwa wa Nyantende kwa kosa lilo hilo.

“Papa, unatia mayi? Na wewe uko mwizi?”

“Kuya uone mbele ya kuhukumu, maman juge,” akasema, akiniita hakimu kwa utani. “Mu maziwa, mayi inaficha. Hapa, rangi ikiwa nzito, itaziba madirisha yote.”

Ukungu mweupe ukatua juu ya meli, ukakauka, ukatua tena. Nikasogeza jicho. Kila dirisha, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa bado wazi.

Nimesoma vitabu vingi vya maadili tangu hapo. Hakuna kilichonifariji kuliko madirisha yale.