Tiara ya Mikono Miwili

Wivu wangu ulianzia kitandani. Ndugu yangu wa Kasulu, mtoto wa mama mkubwa, aliletwa kwetu Kibondo kusoma sekondari akiwa na sanduku la bati na mwili wa baba wa watu, na mimi nikaambiwa tutalala pamoja. Kitanda chetu ni cha kamba. Yeye akishapanda, katikati panakuwa bonde, na mimi niliye mwepesi kama ganda la karanga nabiringika mpaka mbavuni kwake. Asubuhi mama akipita na kutuona tumebanana, anasema, "Ona wanavyopendana."

Nilimwita Tani Saba, kama malori yanayopita kwenda kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Darasa zima likacheka, naye akacheka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake la kwanza: hakasiriki. Unamrushia mtu jiwe, yeye analiokota na kukurudishia akidhani limekuponyoka.

Aliyeugeuza ule unene kuwa sifa ni mzungu wa pampu. Alikuwa akitengeneza pampu za maji kambini, amepanga nyumba jirani na uwanja wetu wa mpira. Kiangazi kilipoingia na upepo wa milimani ukaanza kung'oa mabati ya watu, akatoka siku moja na mfuko mgongoni, akatandaza kitu kwenye majani. Tulidhani ni hema. Kumbe tiara! Lakini si hizi zetu za gazeti na vijiti. Hii ilikuwa ya kitambaa kama cha mwavuli, nyekundu na njano, ina vifuko vinavyojaa upepo mpaka inavimba kama godoro. Haina kijiti hata kimoja. Ina kamba mbili ndefu na vishikio viwili, kimoja kila mkono. Ukivuta cha kulia inakata kulia, ukivuta cha kushoto inakata kushoto, na ikipita katikati ya upepo inanguruma na kukuvuta kama ng'ombe aliyeona majani ya jirani.

Mzungu alituambia kwao kuna vigari vya magurudumu matatu vinavyokokotwa na tiara za namna hiyo kwenye mchanga. Hapa hakuwa na kigari, kwa hiyo alikuwa anajifua mikono tu. "Mazoezi," alisema, jasho likimtiririka. Wazee wakasimama kumtazama. Mmoja akatikisa kichwa: "Mtu mzima mzima anapigana na mwavuli."

Sasa, njia ya sokoni inakata uwanja ule katikati, na watu wetu hawapiti bila salamu. Na salamu ya Kiha si ya mdomo. Mkubwa akisimama mbele yako, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, naye anapiga, mnaulizana mlivyoamka, nyumbani, shambani, mbuzi, na makofi yanaendelea. Mikono yote miwili inahusika. Mzungu mikono yake imeshikwa na tiara, basi akawa anatingisha kidevu tu. Wakasema hakufundwa. Kosa lilikuwa langu pia kidogo, maana mimi ndiye mwalimu wake wa Kiswahili, na nilimfundisha kwamba ukikutana na mzee, unawahi kumwambia "Marahaba!"

Kwa kuwa mimi ndiye niliyemzoea kwanza, nilistahili kuishika kwanza. Nikaishika. Mzungu akanionya, "Ikikuzidi, achia zote mbili, itaanguka yenyewe." Ikanguruma. Sikumbuki hatua. Nakumbuka tumbo langu likisafiri juu ya majani mpaka nikapita katikati ya nguzo za goli, na uwanja mzima ukipiga kelele, "Gooooli!"

Halafu akaitwa Tani Saba. Akashika vishikio, akachimbia visigino, akatulia kama mtu aliyefunga mbuzi wake na kumsubiri ashibe. Tiara ikavuta, ikavuta, ikachoka yenyewe. Baada ya muda alikuwa anaichoresha namba nane hewani, kubwa, polepole. Mzungu akaruka juu. "Huyu! Huyu mzuri sana!"

Kuna msichana wa darasani kwetu ambaye alikuwa anacheka kila nikisema neno, hata nikisema "mwalimu anakuja." Siku ile nilimwambia kichekesho changu bora kabisa. Akasema, "Hebu nyamaza kwanza, naangalia nane."

Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Nyumbani nikaanza kula. Nilikula ugali wangu, nikakomba na sufuria, mpaka mama akasema mtoto huyu ana minyoo, akanipa dawa. Nilichokipata kwa wiki nzima nikakimwaga chooni. Nikabadili mbinu, nikajaza mawe mifukoni kabla ya kushika tiara. Mawe yalishika ardhi barabara, mimi na shati tukaenda na upepo. Suruali ikabaki magotini. Tani Saba ndiye aliyekimbia kunifunika na sweta lake. Angecheka ningemsamehe.

Kila jioni ikawa hivyo. Mzungu akifika, haulizi hali yangu, anauliza, "Ndugu yako yuko wapi?" Mimi, mwalimu wake! Niligeuzwa kuwa mtu wa kufungua mafundo ya kamba.

Kisha mzungu akatuambia kazi yake imekwisha, anarudi kwao, na tiara ataiacha kwa mmoja wetu. Jumamosi asubuhi kila mtu atarusha, na atakayeishika bila kuachia mpaka yeye mzungu aseme "basi," ndiyo yake. Alisema "mmoja wetu" kwa adabu tu. Macho yake yalikuwa yameshamkabidhi Tani Saba.

Nikawaza: ni kitu gani kinaweza kumfanya yule mtu aachie? Upepo hauwezi. Ng'ombe hawezi. Nikakumbuka adabu yake. Na nilipokumbuka adabu nikamkumbuka Bibi wa Kitahana.

Huyu ni dada mkubwa wa bibi yetu, anakuja soko la Jumamosi na ndizi zake. Siku moja mtoto wa jirani alimsalimia huku mkono mmoja umeshika muwa. Bibi alikataa kuingia ndani ya nyumba ile, hata maji hakunywa, na habari ikafika Kumsenga kabla ya yule mtoto kumaliza muwa.

Jumamosi nikadamka, nikamfuata Bibi njiani. Nikainama, nikapiga makofi yangu yote, "Mwakeye, Bibi, mwakeye," nikamtua kikapu. Akanitazama kwa mashaka.

"Wewe leo unaumwa?"

"Siumwi, Bibi. Nakusaidia tu."

"Eego, sawa. Shetani naye huwa anasaidia."

Niliona nimeshalipia salamu yangu. Mimi niko salama. Tukafika uwanjani Tani Saba akiwa ameshaanza, watu wamejaa, tiara inachora nane zake, mzungu anatabasamu kama mkwe. Nikamwambia Bibi, "Tupite huku kwenye goli, ukamwone mjukuu wako wa Kasulu." Nikampitisha mbele ya pua ya Tani Saba kabisa.

Bibi akasimama. Akainama kidogo. Akapiga makofi. "Mwakeye."

Ndugu yangu alimtazama Bibi, akaitazama tiara, akamtazama Bibi. Hakuchukua muda. Alifungua vidole vyote kumi, vishikio vikaruka kama panzi, naye akainama akapiga makofi, "Mwakeye, Bibi. Mwakeye. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mbuzi amezaa."

"Pacha?"

"Pacha."

Nyuma yao mzungu alikuwa anakimbia na kupiga mayowe. Tiara ilienda imelegea kama nguo iliyoanuliwa na upepo, kamba zikiburura chini, mpaka kando ya uwanja palipoanikwa mihogo. Ikaizoa. Mama mwenye mihogo akatoka na mwiko mkononi, na mzungu kwa kuchanganyikiwa akamwahi, "Marahaba!" Mimi pale nilikaa chini kwa kicheko.

Mzungu aliporudi na tiara yake nyeupe kwa unga alikuwa amenuna. "Kwa nini umeachia? Haikukuvuta!"

Tani Saba akasema, "Sasa ningefanyaje? Bibi alikuwa ameshapiga makofi." Akasema hivyo tu, kisha akasogea kando, wala hakuniangalia kwa jicho baya. Sidhani alijua. Au alijua, kwa mtu kama yule huwezi kubaini, na hilo nalo lilinichoma.

Ikawa zamu yangu. Upepo, Mungu aupe maisha marefu, ulikuwa umelegea. Nikakaza mguu mmoja kwenye nguzo ya goli, nikavuta, ikapanda. Iliningurumia usoni, mabega yakataka kuchomoka, lakini sikuachia. Nikachora nane. Ilikuwa nane ya mlevi, lakini nane. Nikasikia yule msichana akisema, "Kumbe naye anaweza!" Nilihisi nimekuwa mzito kuliko Kasulu yote.

Ndipo nikamsikia Bibi ubavuni kwangu. Alikuwa amekumbuka kwamba nimembebea kikapu. Amechomoa kichane cha ndizi mbivu, ananinyooshea kwa mikono miwili.

"Shika, mjukuu wangu. Ahsante ya kikapu."

Kitu anachokupa mkubwa unakipokea kwa mikono miwili, hilo hata mbuzi wa Bibi wanalijua. Nikatazama juu, tiara yangu. Nikatazama kichane. Nikamwangalia mzungu aseme "basi," hasemi. Ndugu yangu amesimama pale, mikono mitupu, ananitazama kwa huruma kama mtu anayemwona mwenzake anateleza kisimani. Huruma ile ndiyo iliyonifunga vidole. Ningeachia, tungekuwa sawa, na yeye ni mzito, angeipata.

Nikasema, "Weka tu hapo chini, Bibi."

Uwanja mzima ulinigeukia. Hata tiara nadhani ilipunguza kunguruma. Mzee mmoja njiani akavua kofia. Bibi alibaki na kichane mikononi, halafu akageuka taratibu, akamnyooshea Tani Saba, naye akakipokea kwa mikono miwili na goti nusu. Bibi akajitwisha kikapu chake akaenda sokoni.

"Basi!" akasema mzungu, akanikumbatia. "Yako!"

Tiara ninayo. Iko kwenye mfuko wake chini ya kitanda. Mama hakunipiga, alinitazama tu kwa siku nyingi, na hilo ni kali kuliko fimbo. Upepo ukiwa mdogo haipandi, ukiwa mkubwa inanipeleka golini, kwa hiyo nikitaka kuirusha lazima Tani Saba akae nyuma yangu anishike mkanda. Anakubali kila mara. Watu wakipita anawasalimia kwa niaba ya wote wawili, mkanda ameubana kwa magoti. Mimi natingisha kidevu, kama mzungu.

Na kila Jumamosi Bibi wa Kitahana anamletea kichane. Ndugu yangu anakila usiku kitandani, ananigawia, na mimi sitaki vya kugawiwa, nataka vya kupewa. Nalala bondeni nanusa maganda.

Jumamosi iliyopita nilikata shauri. Nikaikunja tiara mapema, nikaiweka mfukoni mwake, nikasimama njiani mikono mitupu imenyooka mbele kama ya mtu anayepokea mtoto wa ubatizo. Bibi akafika. Akasalimiana na ndugu yangu, makofi marefu, habari za mbuzi mpaka wajukuu wa mbuzi. Akampa kichane chake. Halafu akachomoa ndizi moja, akanisogelea. Nikainama. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Akapita mikono yangu, akainama kwa taabu na mgongo wake ule, akailaza ndizi kwenye vumbi mbele ya miguu yangu.

"Wewe si huwa unawekewa chini," akasema, akajitwisha kikapu, akaondoka.