Kiti cha Corliss Haugen

Bwana Pruitt, mshauri wa wanafunzi, alikuwa na tabasamu la mtu anayekuuzia gari bovu.

"Corliss, mwanangu, mtihani huu wa historia una faida gani kwako?" aliuliza. "Kila jioni uko kazini kule kwenye ukumbi wa bowling, wanakoangusha pini kwa mpira. Jaribio la Machi ulipata mbili kati ya tano. Ya nini kujiaibisha?"

Corliss Haugen aliijua faida. Historia waliyosoma mwaka mzima ilikuwa ya kiwango cha chuo, na chuo kikuu cha jimbo la Iowa kilichokwisha kumpokea kilisema wazi: ukipata tatu kati ya tano, umesamehewa kozi nzima, huisomi tena wala huilipii. Mama yake alilea watoto watatu kwa mshahara wa kiwanda cha nyama. Hilo halikuwa jambo la kuchezea.

"Nitafikiria," alijibu, maana alilelewa asibishane na wakubwa.

Nje ya ofisi alimkuta rafiki yake Tamsin Ostrander amekumbatia sanduku la donati.

"Kanipa Pruitt," Tamsin alisema, mdomo umejaa sukari. "Ananibembeleza nifanye mtihani. Eti mimi nguzo ya shule! Na chuo ninachokwenda hawautambui hata nikipata kumi."

Hapo Corliss akaelewa. Kila mwaka shule ilitundika bango barabarani likitangaza wastani wa alama. Wa kupata tano alivikwa kilemba cha ukoka hata kama mtihani haumfai kitu. Wa kupata mbili alionewa huruma mpaka abaki nyumbani, asije akaushusha wastani. Huruma gani hiyo! Hasira zilimpanda, masikio yakawaka moto.

Tangu siku hiyo alisoma kwa hasira, hata kazini, kitabu amekiegemeza kwenye rafu ya viatu vya kuchezea walivyokodishiwa wateja. Wateja walioomba namba tisa walipewa saba, na aliyelalamika alikatwa jicho.

Asubuhi ya mtihani, meza zilikuwa zimepangwa katika ukumbi wa mpira wa kikapu. Bwana Pruitt alimzuia mlangoni.

"Corliss? Mimi nimeshafuta jina lako. Si ulisema utafikiria?"

"Nilisema nitafikiria, sikusema nimekataa!"

"Nilitaka kukusaidia tu, binti."

"Nani kakuomba msaada? Nimesoma mpaka macho yamevimba, wewe unanifuta kama chaki ubaoni!"

"Punguza sauti. Wenzako wanajiandaa."

"Na mimi nilikuja kufanya nini, kufagia?"

Tamsin akasimama mstari wa mbele. "Bwana Pruitt, mpe kiti. La sivyo nachora paka kwenye kijitabu changu cha majibu mpaka saa tano."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kila mwaka hawakosi wanafunzi wanaowachorea wasahihishaji paka badala ya majibu. Bwana Pruitt hakucheka. Alimtazama Tamsin, akaifikiria ile tano aliyoitarajia kwake, kisha akaenda mwenyewe kuleta kiti. Kijitabu cha ziada kilikuwamo katika sanduku la mitihani muda wote.

Matokeo yalitoka Julai. Corliss alipata tatu, na mama yake akalia jikoni mpaka mayai yakaungua. Baadaye Tamsin akapiga simu, hawezi kusema kwa kucheka.

"Nimepata moja! Nilichora paka hata hivyo, kila ukurasa! Pruitt atakoma na bango lake!"

Corliss alitaka kucheka naye, maana Pruitt alistahili. Lakini hakuweza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana, na jambo hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya Pruitt.

"Asante kwa kiti, Tam. Natoa shukrani toka moyoni," alisema. "Lakini mtihani uliouchezea wewe, mimi niliupigania mlangoni natetemeka. Siku nyingine ukiwa na kitu cha kutupa, usinipigie simu tucheke."