Mvule Uliokula Pumzi Yetu

Nyumba ya mama yangu, nje kidogo ya Malaba, haikuwa na mlango. Ilikuwa na gunia. Mbuzi waliingia walipotaka, na mvua pia. Kwa hiyo jirani yetu alipotangaza kwamba ataangusha mvule wake auchome makaa ya kuwauzia madereva wa malori mpakani, mama, aliyekuwa akitamani mbao zake, aliuona mlango wake ukigeuka moshi. Shina lilikuwa katika shamba la jirani. Matawi yalikuwa juu ya jiko letu.

Kosa lilikuwa langu. Ilikuwa miaka ya sabini, nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, na nilikuwa nikibishana hata na redio. Mama alisema mti hula udongo. Nikamwambia hapana, kama ungekula udongo, pale chini pangekuwa na shimo. Mti hutengeneza mbao kwa maji na kaboni dayoksaidi, hewa ile tunayoitoa puani na inayotoka kwenye moto wa jikoni.

Mama aliacha kupepeta wimbi. "Kwa hiyo huu mti umekula moshi wangu?"

"Kiasi."

"Na pumzi ya marehemu baba yako?"

"Labda."

Hiyo labda hakuisikia. Kesho yake alikwenda kwa naibu wa chifu kudai nusu ya mti.

Kesi ilisikizwa pale pale kwenye mpaka wa mashamba. Naibu wa chifu alivaa kofia yake ya kazi na kukalia kiti chetu cha pekee. Watu walijaa. Nikaitwa kuwa shahidi.

"Msomi, mti huu umekula hewa ya nani?"

Mama alinitazama. Nyuma yake gunia lilikuwa likipepea. Ningesema "yetu" tu, angepata mlango. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kutoitikia hata amina kabla ya kuthibitishiwa.

"Hewa haikai mahali pamoja," nikasema. "Hii ni ya kila mtu. Ng'ombe wa Angurai, moto wa Uganda, malori ya hapa."

"Hata mimi?" akauliza mama mmoja muuza dagaa wa omena.

"Hata wewe."

"Basi mimi nataka kiti."

Hapo zogo likaanza. Mmoja alitaka mwiko, mwingine jeneza. Mchuuzi aliyevuka asubuhi kutoka Tororo akadai ubao.

"Wewe Mganda nyamaza!" jirani akafoka.

"Boss, pumzi yangu imevuka miaka yote. Watu wa forodha hawajawahi kuisimamisha."

Naibu wa chifu alipiga fimbo chini. "Na huyu mzee akiuchoma makaa?"

"Hewa yote inarudi juu. Na dunia nzima ikizidi kuchoma, hewa hiyo hujaa huko, inazuia joto lisitoke, kama blanketi."

"Umesikia!" Mama alimrukia jirani. "Anataka kutupika na pumzi ya mume wangu!"

"Shina liko kwangu! Mizizi iko kwangu! Nifanye nini sasa, nizibe pua zenu?"

Naibu wa chifu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: mti una wenyewe wengi mno. Hakuna shoka litakalougusa mpaka kila aliyewahi kupumua alete sahihi yake.

"Hata wa ng'ambo?" akauliza jirani.

"Hata wa ng'ambo."

Jirani akakosa makaa, mama akakosa mlango. Siku ya tatu nilimkuta katikati ya uwanja wetu, mbali kabisa na mpaka, amepanda mche wa mvule usiozidi kidole changu. Mafiga alikuwa ameyahamishia kando yake.

"Mama, upepo utaichukua hewa uipeleke kokote. Nilisema."

"Nilisikia. Chuchumaa hapo."

"Nifanye nini?"

"Pumua. Si wewe uliyenipotezea mlango?"

Nikachuchumaa. Nilijua haina maana, au karibu haina. Nikaupumulia ule mche mpaka kizunguzungu kikanishika, huku mbuzi mmoja akinitazama kutoka ndani ya nyumba, kichwa amekipitisha kando ya gunia.