Kikundi cha Rodah cha Madaktari wa Ng'ombe

Mwaka wa 1999, Rodah alifungua ofisi ya kompyuta Kericho mjini, akaanzisha kikundi cha madaktari wa ng'ombe cha kuandikiana kwa barua pepe. Walijiunga watatu tu. Phelix, mfanyakazi wake, alitaka kila daktari atumiwe mwaliko kila wiki.

"Wewe ukipigiwa kelele kila wiki utakuja?" Rodah alimuuliza.

Daktari Chepyegon, ambaye hakuwa amejiunga, alipokuja kutoa fotokopi, Rodah alimwonyesha swali moja la kikundi: ng'ombe mmoja huko kijijini Sosiot amezaa, amelala, hataki kuamka. Daktari akasoma majibu ya wenzake, akakunja uso.

"Nani amewadanganya hivi?"

"Waambie mwenyewe, daktari."

Daktari aliketi kwenye kompyuta, akaandika mpaka jioni. Jumatatu alirudi na daktari mwingine, wakibishana tangu mlangoni.

"Phelix," Rodah akaita, "ongeza kiti."