Swali la Rehema Darajani

Siku yangu ya kwanza kufundisha uhandisi ujenzi, katika chuo kimoja cha ufundi Ifakara, nilijaza ubao kanuni na wanafunzi wakanakili kimya. Mkuu wa Idara, aliyeketi nyuma, akaniita nje. "Mwalimu, umewauliza kanuni hiyo inagoma lini?" Tangu hapo nilidai sababu kwa kila hesabu: umejuaje, na ukikosea nini kitatokea? Wengi walinichukia.

Karibu na kustaafu, nilipeleka darasa kwenye daraja jipya la njia ya Mofu, siku ya jaribio la uzito mbele ya wageni waalikwa, yaani kupitisha lori la mawe kuona kama daraja linabeba. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Rehema, mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa wakulima wa mpunga, akanisogelea.

"Mwalimu, shikamoo. Mchoro unasema msingi umekaa kwenye udongo mgumu. Walipima lini?"

"Marahaba. Kiangazi."

"Basi walipima udongo mkavu. Huu ukilowa, ng'ombe anazama hadi magotini."

Mhandisi Msimamizi wa ujenzi huo alimsikia. "Binti, hesabu hizi zimepigwa na watu wenye vyeti." Akampungia dereva mkono. Injini ikanguruma.

Mhandisi huyo ndiye aliyewapokea wanafunzi wetu kwa mafunzo ya vitendo kila mwaka. Nikamwuliza Rehema, "Ukikosea wewe?"

"Tumewachelewesha wageni. Akikosea yeye, dereva anaingia mtoni."

Nikaenda kusimama mbele ya lori.

"Mwalimu, toka hapo!" Mhandisi alifoka. "Leo umeharibu kila kitu!"

Rehema alikuwa ameshaokota kipande cha nondo. Akakichomeka kwa mkono kando ya msingi. Kikazama chote, hadi vidole vyake vikagusa matope. Dereva alitazama, akazima injini, akashuka na kuondoka bila kuagana na mtu.

Chuo kilinipa barua ya onyo. Haikuondolewa kwenye faili langu hata masika yale, nguzo ya daraja lile ilipoinama yenyewe bila mzigo wowote. Wanafunzi wetu hawakupokelewa tena kwa mhandisi yule.

Sasa nimestaafu, nalima migomba Sanje. Vijana wa chuo wakinitembelea hunisifu kwa ujasiri wa kusimama mbele ya lori. Huwa nawaeleza ukweli unaonikosesha raha hadi leo: mchoro ule mhandisi alikuwa ameniomba niukague; niliusoma mara mbili kabla ya safari, nikautia sahihi kuwa uko salama.